Kaske ya Mukamwana wa Mathilde

Nyangwe nzima ilikuwa na mwanamke mmoja tu aliyepeleka samaki wa kukaushwa hadi soko la Kasongo kwa baiskeli, na mwenyewe alijijua. Emilienne akipita na vikapu vyake viwili nyuma, shingo wima, hata watu wa pikipiki walimpisha. Wengine walimchokoza makusudi wamsikie akijibu, na majibu hayakumwishia.

Baiskeli ilikuwa ya marehemu mumewe, Théophile, na hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Mume akifa, vitu vyake vinarudi kwa ukoo wake. Shemeji yake Pitchou, mdogo wa marehemu, aliikodolea macho baiskeli ile kabla udongo wa kaburi haujakauka. Aliyemzuia ni mama yao, Mathilde.

“Mukamwana, mke wa mtoto wangu, atabaki nayo,” alisema mbele ya ukoo wote. “Lakini atavaa kaske, kofia ngumu ya kukinga kichwa. Siku atakayopanda bila kaske, Pitchou aichukue, na mimi sitafungua kinywa.”

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Théophile alianguka na baiskeli hiyohiyo kwenye mteremko wa kuingia Kasongo, kichwa kikapiga jiwe. Mkono hauna jeraha, mguu hauna jeraha, na mtu ameshakwenda. Ndiyo maana Mathilde aliuza karanga zake zote za msimu, akanunua sokoni kaske nyekundu ya mtumba, ya baiskeli hasa, yenye matundu na mikanda ya kufunga kidevuni.

Pitchou alicheka sana. “Mama, nani hapa alishaona mutu wa velo na kaske? Hata wa pikipiki hawavai! Ajali haina kinga.”

“Na mvua nani anaizuia?” Mathilde akamjibu. “Lakini jana ulilala chini ya paa.”

Basi Emilienne akavaa. Lakini jamani, mwanamke wa heshima hasimami kichwa wazi mbele ya mukwe wake! Kitambaa ni lazima, na kwa kufunga kitambaa Emilienne hakuwa na mpinzani katika shirika lao lote la kanisani. Fundo lake lilisimama juu ya paji la uso kama jogoo. Alibomoe fundo lile kwa ajili ya kaske? Thubutu! Alifunga kitambaa kwanza, fundo vilevile, halafu akaibandika kaske juu yake. Ikakaa imeinuka kama kifuniko cha sufuria maharage yakichemka, na mikanda haikufika kidevuni. Akaiacha inaning’inia. Mathilde, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, aliona wekundu ule ukitoka uani kila alfajiri, akamshukuru Mungu.

Njiani watu hawakumwacha.

“Mama Kaske! Unaogopa kufa?”

“Ninaogopa kubaki na kichwa kama chako!”

Wakacheka, naye akapita na samaki zake, amejaa fahari.

Ikaja siku ya mvua. Kwenye mteremko uleule gurudumu la mbele liliingia katika mfereji uliochimbwa na maji. Baiskeli ikasimama, Emilienne akaendelea. Kaske iliruka kabla yake, ikabingirika peke yake mpaka chini. Yeye aliangukia bega, kichwa kikakwaruza changarawe, sikio likachanika. Alipofumbua macho aliona jiwe karibu na shavu lake, karibu kabisa, angeweza kulilamba. Alikaa chini kwenye matope katikati ya samaki, akamwita Théophile kwa sauti, akalia.

Maneno yana miguu. Kesho yake alipofika Nyangwe akisukuma baiskeli, sikio limefungwa bendeji, Pitchou alikuwa ameshakaa uani kwa mama yake, na majirani wamejaa.

“Mama, umeona? Kaske iko, na damu iko. Karanga zako zilikwenda bure. Velo ije kwangu, huyu alime kama wenzake.”

Mathilde aliomba apewe kaske. Akaipapasa nje na ndani. Haikuwa na ufa, haikuwa na damu.

“Mutoto yangu,” akauliza polepole, “ilikuwa kwenye kichwa?”

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Angesema mikanda ilikatika, na nani angembishia? Lakini aliona jinsi mukwe wake alivyoishika kaske ile kwa mikono miwili, mapajani, akaumeza uongo ule.

“Ilikuwa juu ya fundo, mama. Sikuwahi kuifunga, hata siku moja. Sikutaka unione kichwa wazi. Na sikutaka kuharibu kitambaa changu. Kaske haina kosa. Kosa ni langu.”

“Amesema mwenyewe!” Pitchou akaruka, akashika usukani.

Watu wote wakamgeukia Mathilde. Lakini mama huyu alikuwa amekwisha kusema hatafungua kinywa, na neno lake halikuwa maji ya kumwaga. Akainuka, akafungua kitambaa chake mwenyewe, na mvi zake zikabaki nje mbele ya majirani. Majirani wakainamisha macho. Kisha akafungua kitambaa cha Emilienne, chenye damu, akakiweka kando. Akamvika kaske juu ya misuko mitupu, akaisukuma mpaka ikakaa, akafunga mikanda kidevuni na kuivuta kuona kama inashika. Halafu akachukua kitambaa chake, kile cha bluu cha Jumapili, akakizungusha juu ya kaske, akakaza. Fundo akalisimamisha mbele, juu ya paji la uso, kama jogoo.

Akakaa tena kwenye kiti chake, kichwa wazi, akamtazama Pitchou.

“Mama, funika kichwa,” Pitchou akasema.

Mathilde hakujibu.

“Mama, watu wanaona!”

Pitchou alitazama mvi za mama yake, akatazama mikono yake mwenyewe kwenye usukani. Akauachia. Akaingia nyumbani, akatoka na kanga, akamfunika mama yake. Tangu siku hiyo hakuitaja tena velo, ingawa mpaka leo anaapa kwamba kaske haina faida. Na aape.

Bega lilipopona, Emilienne alipakia samaki. Alishuka mteremko ule taratibu, breki mkononi, kitambaa cha bluu kimekaa imara, mikanda imebana kidevu. Jiwe alilipita bila kuligeukia. Sokoni Kasongo wanawake waliacha kupima mchele wamtazame.

“Mama Kaske!” mmoja akapiga kelele. “Kitambaa kizuri hicho! Nani amekufunga?”

Emilienne alishuka, akaegemeza baiskeli, akaligusa fundo.

“Mama ya Théophile,” akasema, na shingo yake ikawa wima.