Mayai ya Mama Kavetsa

Mgeni aliingia bomani bila kupiga hodi, pikipiki ikiunguruma na pampu ya dawa ikiwa mgongoni. Wanza alikuwa akikamua. Kanga wake kumi na wanne walitimkia kwenye ua wa miiba huku wakipiga makelele.

"Naitwa Donald," mgeni akasema. "Leo nawanyunyizia ng'ombe dawa ya kupe bure, mama. Kesho mtanitafuta wenyewe."

Nzuki, shemeji yake Wanza, alikwisha kumletea kiti. "Huyu shemeji yangu ana madaktari wake wenye madoa," alimwambia mgeni. "Wanatibu kwa mdomo."

Wakacheka wawili hao. Wanza hakucheka. Miaka miwili kanga walikuwa wakipekua nyasi na kuokota kupe, na tangu hapo ndigana, homa iletwayo na kupe, haikuwa imemuulia ndama hata mmoja. Wala hakuwapata kirahisi. Kanga huhesabiwa kuwa wanyamapori, na kibali cha kuwafuga alikifuatilia hadi Voi miezi saba. Leo jioni alikuwa ameahidi kumpelekea jirani yake, Mama Kavetsa, mayai kumi na mawili ya kanga, kwa kuwa ndigana ilimuulia ndama wawili mwaka huu akabaki na mtamba mmoja. Kuku wa Mama Kavetsa alikuwa ameshaanza kuatamia, naye ndiye angeyaangua.

"Nyunyiza, lakini ningoje nitoke kisimani niwafungie kanga kwanza," Wanza akasema. "Wakila kupe wenye dawa watakufa."

"Nitangoja, mama. Hilo ni neno langu."

Aliporudi na mitungi, pikipiki haikuwapo. Ng'ombe walikuwa wamelowa chepechepe. Masalio ya dawa yalikuwa yamemwagwa kando ya zizi, yakafanya kidimbwi cheupe, na kanga walikuwa wamekizunguka wakinywa.

Hadi saa nane walikuwa wamepinda shingo, wakizunguka kama walevi na kuanguka. Kumi walikufa. Wanne waliobaki walikuwa majike watupu.

Wanza aliwatia maiti kwenye gunia, akalibeba hadi madukani. Donald alikuwa kibarazani akinywa soda. Wanza alimwaga gunia miguuni pake.

"Ulisema utangoja."

"Mama, jua lilikuwa kali, na nina maboma mengine. Hao si ndege tu? Nitakuletea vifaranga wa kuku wa kisasa."

"Kuku wa kisasa hungoja kulishwa. Hawa walikuwa wanafanya kazi."

"Si uwatie chunguni, Wanza?" mwenye duka akatania.

"Anza wewe. Muulize huyu kama dawa yake inalika."

Wanza akamgeukia Donald. "Waambie watu hawa kilichowaua. Hilo tu, nami nitaenda zangu."

Donald akavaa kofia yake ya pikipiki, akaiwasha pikipiki, akaondoka. Vumbi lake likamfika Wanza mdomoni, akalitema. Hakuwahi kutamani kumpiga mtu kama alivyotamani wakati ule.

Nyumbani, Nzuki alikuwa amekwisha kuliona kapu la mayai.

"Hayo sasa hayatoki," akasema. "Majogoo wamekwisha. Ndiyo mayai ya mwisho yatakayoanguliwa hapa, na ya porini ukiokota utashtakiwa. Mama Kavetsa ni mtu mzima, ataelewa."

"Ataelewa nini? Kwamba uliketi ukamtazama mtu akimwaga sumu?"

Nzuki akajikuna kidevu. "Basi mpe nusu."

"Nilimwambia kumi na mawili."

Akajitwika kapu, akaondoka.

Mama Kavetsa aliletwa pande hizi za Voi na kazi ya mkonge, akitokea Vihiga, mbali magharibi, na hata baada ya kustaafu hakurudi kwao. Alikuwa mlangoni, habari zimeshamfikia.

"Rudi nayo, mwanangu," akasema. "Mimi nimezoea kukosa. Wewe utaanza na nini?"

"Sijui, mama," Wanza akajibu. Sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu anayegombana. "Mwinue kuku."

"Wanza."

"Mwinue, mama, tafadhali."

Mama Kavetsa akainama na kumwinua kuku, naye akalalamika. Wanza akapiga magoti. Hasira ilikuwa bado haijamwisha, kwa hiyo aliyapanga mayai kiotani polepole, moja baada ya jingine, hadi kapu likawa tupu.