Beji ya Kifuniko cha Soda

Lupakisyo alikuwa na beji za kampeni mia moja na kumi na mbili, zote amezichomeka kwenye koti lake la harusi, na karibu kila moja aliipata kwa kumshangilia mtu ambaye hakumpigia kura. Majirani zake wa Magomeni, Kilosa, walimwita Kinyonga. Yeye alijiita mtafiti, hasa tangu aanze masomo ya jioni akiwa na miaka hamsini na minne.

Ilibaki moja. Mwaka tisini na tano, marehemu Ditram aligombea udiwani kule Mikumi bila fedha. Alibandika picha zake za pasipoti ndani ya vifuniko vya soda, akatia pini nyuma. Lupakisyo, aliyeishi huko wakati huo, alipewa moja, akaipoteza wiki hiyohiyo. Sasa alifunga siku tatu akiomba apate nyingine, kana kwamba Mungu hana kazi, kisha akaenda Mikumi.

Alimkuta mjane, Bibi Verdiana, uani akipepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe uliyepiga simu ya beji?" Aliichomoa kwenye kanga yake. "Hii imefunga nepi za wajukuu wanne. Namtolea aliyempigia kura mume wangu tu. Ulimpigia?"

Beji ilikuwa pale, kutu pembeni, Ditram akitabasamu. Neno moja tu, na jioni angetubu. Lakini kufunga siku tatu kisha kudanganya ni kunawa mikono ukashike mkaa.

"Hapana, mama. Nilimshangilia mpaka sauti ikakauka, nikala wali wenu, nikampigia yule aliyetugawia kofia. Na kofia yenyewe ilinibana."

Bibi aliweka ungo chini. "Hebu rudia hapo pa kofia."

Akarudia. Bibi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

"Mume wangu alipata kura kumi na moja. Walioniapia kwamba walimpa wamefika arobaini na watatu, baba! Wewe ndiye wa kwanza kumnyima mbele yangu. Lete kifua."

Jioni ile, darasani Kilosa, Lupakisyo alinyoosha mkono, akasimama na beji kifuani, akawasimulia wenzake historia ya beji hiyo. Mwalimu Yusrah akampongeza, wakampigia makofi, akaketi.

Kofia hakuitaja.

Alitazama daftari lake la utafiti. Akaguna, akanyoosha mkono tena ili aseme na ya kofia.