Makapu ya Mawe

"Shikeni! Shikeni, jamani!"

Nani ashike? Kapu la waya lililoshiba mawe lilibiringika ukingoni, likageuka tena, kisha chubwi! likazama mtoni mbele ya macho ya mtaa mzima.

Shemeji yake Mama Kapu, fundi baiskeli mwenye mdomo usio na breki, akauliza: "Shemeji, ulisuka kapu au mpira?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Kapu hakucheka. Tangu usichana wake alikuwa akisuka makapu ya unga na matenga ya kuku, na mtaa ulipokubaliana kuukinga ukingo kwa makapu ya mawe, wote walimgeukia yeye. Akawafundisha kama alivyofundishwa na mama yake: anza na kitovu, zungusha, zungusha tena. Kapu la kubeba kichwani lazima liwe na tako la mviringo. Hakuna aliyewaza kwamba haya hayatapanda kichwa cha mtu.

Na mto haukuwa na mzaha. Ulishaila njia, ukala jiko la Mama Kapu pamoja na mafiga yake. Sasa ulikuwa unalamba ukuta wa chumba alichojifungulia wanawe. Huko milimani mbingu ilikuwa imenuna.

Aliyatazama makapu yaliyobaki, mviringo kama mayai. Kila nyumba ilikuwa imesuka lake, na kila nyumba ilikuwa imelisifia.

"Fumueni," akasema.

"Yote?" Jirani yake mshonaji akamaka. "Mama, hebu tazama vidole hivi! Utadhani nimepigana na paka!"

"Yote, mwanangu. Kosa ni langu, mto ni wetu sote. Tusuke kama jamvi, chini bapa, halafu tukunje kuta nne. Nataka liketi kama mama mkwe aliyekuja na masanduku yake."

Safari hii hata yeye alicheka.

Wakafumua. Waya ulilia kwenye koleo, wanaume wakabishana juu ya mawe, yapi ya nje, yapi ya kuziba mapengo. Mikono ilipoanza kulegea, Mama Kapu akapaza sauti:

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Ninalo kapu, nalijaza wala silibebi."

"Kaburi!" akadakia shemeji.

"Mdomo wako! Ni hili hapa mbele yako. Lete mawe!"

Jua lilipokuwa linazama, kapu la mwisho lilifungwa kwa mwenzake, waya kwa waya, ili pasiwe na la kubiringika peke yake. Mvua ikawakuta wakikusanya makoleo.

Ilinyesha hadi kulipopambazuka. Mama Kapu akafungua mlango wa nyuma polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Maji yalikuwa mekundu, yamepanda, yamebeba magogo. Yalikuja mbio mpaka kwenye makapu, yakagonga, yakaguna, yakageukia katikati ya mto. Ukuta wa chumba ulikuwa bado umesimama.

Ng'ambo, watu wasiowajua walikuwa wamejipanga kutazama. Mwanamke mmoja akaita: "Jamani, nani kawasukia?"

"Sisi!" wakajibu majirani wa huku, waliokuwa wameshafika ukingoni, sauti nyingi kwa mpigo, ya shemeji ikiwa juu ya zote. "Sisi wenyewe!"

Mama Kapu alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya waya wenye baridi. Ulikuwa unatetemeka kidogo, mto ukisukuma upande wa pili. Akauacha mkono wake palepale.