Uso Aliouchora Mwalimu Wasike

“Huyo si Watiri! Mwalimu, mtoto wangu alikuwa na jicho shavuni?”

Kagure alikuwa ameinua picha juu ya kichwa ili wapangaji wote wa ploti waone. Nasi tulikuwa tumetoka wote, mimi mbele; maharagwe yangu niliyaacha yakiungua.

“Mama Watiri, nilichora nilichoona,” akasema Wasike, mwalimu kutoka Bungoma, jirani wetu wa chumba cha mwisho.

“Uliona nini, zimwi?” akadakia Mutahi wa bucha. “Ati huo mdomo ni wa mtoto ama wa kiboko?”

Tukacheka. Mungu anisamehe.

Tulitarajia picha kama za studio pale Nyeri mjini: nywele zimechanwa, soksi nyeupe, maua ya plastiki. Watiri alikufa kwa surua mwaka huo wa sabini na nne, kabla hajapigwa picha hata moja. Kagure ndiye aliyemwomba mwalimu amchore, Moffat apate kitu cha kutundika. Moffat, mumewe, alikuwa mpishi Nanyuki, na siku ya mazishi alifika kaburi limeshafunikwa. Leo alikuwa anarudi.

“Uso wake wa siku zingine umenitoka,” akasema Wasike. “Niko na ule wa asubuhi nilipombeba hadi hospitali. Huo umekataa kutoka.”

“Nyamaza!” Sauti ya Kagure ikashuka. “Nilimwambia Moffat mtoto alilala tu, hakuteseka. Akiona huo mdomo…”

Moffat alikuwa langoni, mkoba begani.

Akaichukua picha. Jicho lililoteleza, mdomo uliopinda hadi sikioni, shingo ndefu iliyogeukia mlango. Hakusema si yeye.

“Alikuwa anaita nani?”

Mimi ninayejua mambo ya kila mtu nikatazama viatu vyangu.

“Wewe,” akasema Kagure. “Baba, baba, mpaka sauti ikaisha.”

Moffat akaketi pale pale kwenye matope, picha kifuani, akalia. Kagure akaketi kando yake, naye akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Wasike akaanza kuondoka.

“Mwalimu,” Moffat akaita. “Alikuwa mzito?”

“Hapana, Baba Watiri. Alikuwa mwepesi sana.”

Moffat akajifuta uso kwa mkono wa shati.

“Mama Watiri, kuna chakula?”

“Kuna irio.”

“Basi mwalimu, ingia tule.”