Kofi la Saa Kumi na Nne

Jumamosi asubuhi na mapema, fundi cherehani alikuwa akipunguza kiuno cha suruali ya mteja wakati mwanawe alipopiga simu kutoka mji wa mbali alikokwenda kufanya kazi miaka tisa nyuma. Alisema mwaka huu pia haji. Safari ni saa kumi na nne, mama, ukijumlisha na kusubiri ndege ya pili, na magoti yake huvimba.

"Na mkeo je?"

"Avumilie kidogo tu. Nitamwita."

Mkewe alikuwa papo hapo mezani akibandika pini kwenye kitambaa, na simu ile kelele zake hazina siri. Pasipoti yake ya kwanza ilikwisha muda akingoja kuitwa. Ya pili ilikuwa njiani kuisha.

Fundi alikata uzi kwa meno, akapandisha mkono wa blauzi, akautoa mkono wake wa kulia dirishani.

"Unakwenda wapi, mama?" mkwewe aliuliza.

"Kumzaba kofi. Kama magoti yake hayawezi safari, bega langu linaweza."

Mkono ulirefuka juu ya paa la jirani, ukaruka kamba ya kuanikia nguo, ukashika njia ya ndege. Haukuipita ndege wala haukuachwa. Katika mji wa katikati ulisubiri kama abiria wengine, na ofisa mmoja akaukunjua ngumi, akakagua ndani, akaugonga muhuri.

"Wino wao wa baridi," alisema fundi, akaomba chai. Mkwewe alimnywesha.

Mkono ulifika wakati huku nyumbani taa zinawashwa. Kule ulikuwa bado mchana, na mwanawe, ambaye hufanya kazi usiku, alikuwa usingizini.

"Nimempata. Lo, midevu yote hii!" Alivuta kiganja nyuma ili kofi liwe na uzito. Kikagusa kitu. Kikasimama hapohapo.

"Nini, mama?"

"Kichwa."

"Cha nani?"

"Kidogo. Kimefungwa vishungi viwili."

Mkwe alikaa juu ya kile kitambaa chenye pini, asihisi kitu.

"Shika kidole cha pete cha mwanao."

"Mwanangu, tuyaache."

"Kishike, mama."

"Pete ipo."

"Pana?"

Fundi aliipapasa tena. "Nyembamba."

Mkwe aliitazama yake. Ilikuwa pana, na mumewe alipoondoka alikuwa amevaa ya kufanana nayo.

"Sasa mzabe! Si ndilo ulilofuata?"

"Mtoto amegeuka, amelalia kiganja changu. Nikikitikisa ataamka."

Nje mtu alipita akipiga mluzi, akainama chini ya mkono, akaendelea na mluzi wake.

"Bega linaniuma," fundi akasema mwishowe, bila kumtazama.

Mkwe aliinuka. Alichomoa pini kwenye sketi yake moja baada ya nyingine, akaingia chumbani, akarudi na mto wa upande wa mumewe, ambao foronya yake bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Akamwekea mama mkwe chini ya bega.