Tezi ya Kushoto

Fundi cherehani aliingia chumba cha picha cha hospitali amefungwa kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini, kama mtu mwenye jino bovu. Mkewe alimfuata. Mwanamke aliyeendesha mashine, ambaye wagonjwa walimwita Dada wa Picha, alimwomba akifungue.

Harufu ilitangulia. Chini ya sikio la kushoto palikuwa na uvimbe mkubwa kama limau, umepasuka, unatoa usaha uliochanganyika na majani ya dawa yaliyooza. Nusu ya uso ilikuwa imelala. Jicho halifungi, mate yanachuruzika hadi kwenye kola.

"Utusamehe, dada," mke akasema. "Ananuka."

"Kinachonuka ni kidonda, mama, si yeye." Dada wa Picha hakuukunja uso. "Mbona mmechelewa hivi?"

"Tumechelewa wapi? Mwaka jana alipigwa picha hapa hapa. Tukaambiwa tezi ya mate imevimba kidogo, anywe dawa, itapoa."

Picha mpya zilipotokea, Dada wa Picha alishika kichwa. Saratani ilikuwa imefuata mshipa wa fahamu wa uso ikaingia kwenye mfupa wa fuvu, nyuma ya sikio. Akafungua za mwaka jana. Ilikuwepo! Ndogo kama punje ya haragwe, kushoto, inaonekana hata na mtoto. Lakini ripoti ilisema: "Maabukizi madogo, tezi ya kulia." Akaitazama ripoti ya mgonjwa aliyetangulia siku ile. Maneno yale yale, hadi neno "maabukizi" lililokosewa mahali pamoja.

Daktari wa kusoma picha, waliyemwita Chapchap, alikuwa gizani mbele ya kioo cha kompyuta yake, anakula yai la kuchemsha. Kiini kilikuwa kimemganda kwenye sharubu.

"Ulinakili," Dada wa Picha akamwambia.

Alitazama picha zote mbili huku anatafuna. "Siku ile kulikuwa na foleni. Hebu ifute ile ripoti, niandike moja mpya. Ya kale hayanuki, bibie."

"Haya yananuka. Yuko mlango wa pili, nenda kayanuse."

Chapchap akacheka, chembe za yai zikatua juu ya meza.

Dada wa Picha alikimbilia chooni, akatapika. Kidonda cha fundi hakikuwa kimemfikisha huko. Kisha akachapa picha zote na ripoti zote mbili, akazipeleka kwa daktari mkuu, nakala akampa mke wa fundi mkononi.

Fundi alipasuliwa wiki hiyo hiyo. Waliondoa tezi, sikio na kipande cha mfupa. Kilichobaki ndani wakakichoma kwa mionzi. Yuko hai, anashona, jicho moja amelibandika plasta lisikauke. Kupona, hakuna aliyemwahidi.

Chapchap alipewa uhamisho. Siku ya kuagana alipita akimpa kila mmoja mkono. Alipofika kwa Dada wa Picha, yeye aliutia wake mfukoni mwa koti, akautazama ule wa daktari ukining'inia hewani mpaka ukarudi wenyewe.