Neno Alilouliza Baba

Baba yangu, askari magereza mstaafu, alikuja Lanham, Marekani, kunitembelea mwaka 1997. Asubuhi moja aliniuliza, "Leokadia, wewe si unafundisha Kiswahili chuoni? Hili neno gereza limetoka wapi?"

Nilikuwa nawahi darasani. "Nitakutazamia kwenye kamusi, Baba."

Sikutazama. Alirudi Bukoba, na mwaka uliofuata akafariki.

Baada ya msiba ndipo nilipofungua kamusi. Limetokana na neno la Kireno, igreja, yaani kanisa. Nilikaa chini nikalia. Miaka ishirini Baba alisali na wafungwa kila Jumapili, na wenzake walimcheka: "Respicius, hapa ni gerezani, si kanisani!" Hakuwahi kuwa na la kuwajibu. Na kamusi ilikuwa sebuleni kwangu, karibu na kochi alilokuwa akikalia.